Jicho la Askofu kwenye Blanketi la Kibondo

Wifi yangu wa Kibondo ni mwalimu wa hesabu, na hawezi kukaa na watu watatu bila kuwapangia zamu. Ndivyo kundi letu la viraka lilivyoanza. Alikuja Kasulu kwenye msiba wa upande wa mume wangu, akafikia kwangu, na asubuhi akanikuta jikoni nimeshika mfuko wa mabaki ya vitenge, nawashia mkaa.

Mimi nauza vitenge sokoni. Barazani mbele ya kibanda changu wanakaa mafundi cherehani, na ikifika jioni chini ya miguu yao panabaki vipande vya kila rangi, vingine vikubwa kama kiganja, vingine vyembamba kama kamba ya kiatu. Nilikuwa navizoa na kuvichoma. Kitenge kinashika moto haraka kuliko karatasi.

Wifi akaukamata mkono wangu. "Unachoma blanketi," akasema.

"Hizi ni takataka, wifi."

"Ni blanketi ambalo halijashonwa."

Kumbe alikuwa ameona kwenye simu wanawake wa nchi za mbali wanaoshona vipande vya mraba, kila mmoja nyumbani kwake, halafu wanatumiana. Mwenye zamu anapokea vipande vya wenzake wote, anaviunga, anapata blanketi. Mwezi unaofuata zamu ni ya mwingine. Ni kama upatu, alisema, ila watu wanapeana viraka. Alinieleza hayo akiwa ameshika kikombe cha chai, na kabla ya kupanda basi la kurudi Kibondo alikuwa amekwisha fungua kundi la wasapu, ameandika kanuni, na ameniingiza bila kuniuliza.

Kanuni ya kwanza ilisema kiraka hakirudishwi. Ya pili, kiraka hakisemwi vibaya. Ya tatu ilikataza salamu za asubuhi zenye picha za maua, na hakuna aliyewahi kuifuata.

Wanachama tulikuwa wachache. Kulikuwa na dada wawili wa Kitanga, ndugu wa tumbo moja, waliokuwa wakitumia simu moja na kusema kwa pamoja, hata sikuwahi kujua nimeongea na yupi. Kulikuwa na bibi mmoja wa Munanila, mjane mwenye shamba la kahawa, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye mwanawe wa Dar es Salaam alimletea simu kubwa na yeye hakuwa na cha kuifanyia. Na kulikuwa na mama mmoja Mkongomani wa kambini Nyarugusu, fundi wa kweli kuliko sisi wote, mwenye cherehani ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Huyo tulimpata kwa mume wangu. Mume wangu ni dereva wa shirika moja linalohudumia kambi, huingia na kutoka kila siku, na mama huyo alikuwa amewahi kumshonea kiti cha gari kilichopasuka.

Kwa sababu hiyo mume wangu akageuka posta. Vya Munanila na Kitanga vilikuja kwangu sokoni, vya Nyarugusu alivibeba yeye, na vyote nikavipeleka stendi kwenye basi la Kibondo.

"Mimi nimeajiriwa kubeba watu," alikuwa akilalamika, "sasa nabeba matambara."

Lakini nilikuja kusikia kutoka kwa mwenzake wa kazini kwamba njiani anawaonyesha abiria. Anafungua mfuko kwenye magoti yao na kuwaeleza mshono upi ni mgumu.

Zamu ya kwanza wifi alijipa mwenyewe. Aliandika: "Kumi na mbili kwa kumi na mbili. Rangi za joto."

Tulikaa na maneno hayo siku nzima. Rangi za joto ndiyo nini? Wifi alikuwa na maana ya nyekundu, manjano na rangi ya machungwa, ila hakusema. Bibi wa Munanila aliuliza kwa ujumbe wa sauti mrefu, ulioanza kwa "mwakeye" kwa kila mmoja wetu na watoto wetu na mifugo yetu, huku kuku wakigombana nyuma yake, na mwisho wa salamu muda ukawa umekwisha na swali lenyewe hatukulisikia. Dada wa Kitanga hawakuuliza. Walielewa walivyoelewa, wakakata sweta kuukuu la shule, wakashona kiraka cha sufu ya kahawia, kizito kama mkeka. Waliandika: "Hiki kina joto sana."

Kisha mume wangu akaja na kifurushi cha Nyarugusu. Kilikuwa kidogo hivi kwamba nilidhani amenunua dawa. Ndani mlikuwa na nyota yenye ncha nyingi, nyekundu juu ya manjano, mishono yake midogo kama mchanga. Ilikuwa nzuri kupita kiasi, na ilikuwa na ukubwa wa kitambaa cha kuwekea kikombe.

Nilipiga picha nikamtumia wifi. Akanipigia hapo hapo.

"Wifi, hicho ni nini?"

"Ni kiraka cha mama wa Nyarugusu."

"Kingine kiko wapi?"

"Hicho ndicho."

Nikampigia mama wa Nyarugusu. Naye alishangaa kwamba kuna tatizo. "Mwalimu alisema kumi na mbili," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kongo. "Miye nikapima kumi na mbili. Santimetre. Kuko ingine?"

Nikarudi kwa wifi na jibu hilo. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika namba bila kizio. Mimi ningeliacha lipite, maana wifi ni wifi, lakini mume wangu alikuwa amekaa karibu na ni mdogo wake, na utotoni alifundishwa kuzidisha na dada yake huyo huyo akiwa amesimamishwa ukutani. Aliniomba simu kwa heshima kubwa.

"Dada," akasema, "ukisahau kizio, jibu lote linakosa. Si ndivyo?"

Kwa juma zima wifi hakupokea simu yake. Lakini nyota hakuitupa. Aliizungushia ukanda mwekundu, kisha wa machungwa, kisha mwekundu tena, mpaka ikafika inchi kumi na mbili, akaiweka katikati ya blanketi. Ilipendeza kuliko vyote. Alipotuma picha aliandika kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga tangu mwanzo, na kwa kuwa kanuni ya pili ilikataza kusema vibaya, tulinyamaza.

Zamu zilikwenda hivyo, tukazoeana. Ajabu ni kwamba wengi wetu hatukuwahi kuonana. Nilimjua mama wa Nyarugusu kwa mishono, na wifi alimjua bibi wa Munanila kwa sauti ya kuku. Asubuhi simu ililia kabla ya majogoo: ua la waridi kutoka Kitanga, ua la waridi kutoka Kibondo, na kutoka Munanila ujumbe wa sauti wa kutuombea wote.

Halafu binti wa wifi akapata mchumba.

Kijana alikuwa wa Kakonko, mtaratibu, mwenye kazi yake, na hakuna aliyekuwa na neno juu yake. Neno lilikuwa kanisa. Sisi ni watu wa kengele na ubani. Wao ni watu wa mikono juu na spika. Vikao vilifanyika Kibondo, vikahamia Kakonko, vikarudi Kibondo. Wazee walikunywa soda nyingi. Upande wa bwana harusi ulisemewa na shangazi yake, mama mrefu mwenye miwani, aliyekuwa na tabia ya kuvua miwani kabla ya kukataa jambo. Mwisho wakakubaliana: ndoa itafungwa kwao, sherehe ya kumuaga binti itafanywa kwetu, na suala la kanisa lisiguswe tena na mtu yeyote.

Wifi akavuruga zamu, maana alikuwa mwenye kundi. Akatuomba wote tumshonee binti blanketi la kuondoka nalo. Safari hii aliandika neno inchi mara tatu. Rangi: kijani na manjano.

Kiraka cha bibi wa Munanila kilifika na gari la kahawa, kimefungwa kwenye gazeti. Nilikifungua kibandani, na fundi aliyekuwa ameketi karibu yangu akasimamisha cherehani yake.

"Mama," akasema taratibu, "huyo si baba askofu?"

Alikuwa askofu. Miaka ya nyuma kanisa lilikuwa na jubilei, wakachapisha kitenge cha kijani na manjano chenye uso wa askofu ndani ya duara, mkubwa kama sinia. Uso mzima usingeingia kwenye inchi kumi na mbili, kwa hiyo bibi alikuwa amechagua. Alichagua jicho moja, sikio, nusu ya pua na kipande cha kofia. Aliushona ukingo kwa mkono, sawasawa, bila kasoro. Nilipima kwa futi kamba nikitumaini amekosea. Vipimo vilikuwa sahihi. Rangi zilikuwa sahihi. Jicho lilikuwa kubwa kama yai na lilinitazama mimi.

Nikamtumia wifi picha. Akanipigia akiwa darasani, niliwasikia watoto.

"Wifi, hilo ni jicho."

"Ndiyo."

"La nani?"

Nikamwambia. Akawaambia watoto wafungue ukurasa wowote.

"Wifi, binti yangu anakwenda kwa wale watu. Shangazi yule atavua miwani. Mwambie bibi ashone kingine."

"Kanuni yako inasema kiraka hakirudishwi."

"Niliandika nikiwa sijaona jicho."

Alifungua kundi la pili, lisilokuwa na bibi, ili tujadili. Dada wa Kitanga walipendekeza askofu ageuzwe kichwa chini, asitambulike. Wifi akasema Petro ndiye aliyesulubiwa hivyo, na yeye hataki kumfanyia hivyo mtu aliye hai. Mama wa Nyarugusu hakupendekeza kitu. Aliandika tu: "Miye sitaki kundi ya kusengenya mama muzima," na simu ikatuonyesha kwamba ameondoka. Tuliobaki tuliona aibu kidogo, lakini tuliendelea.

Wifi aliamua kukiweka kiraka upande wa miguuni, pale blanketi linapochomekwa chini ya godoro. Siku ile ile, katika kundi kubwa, ukaja ujumbe wa sauti kutoka Munanila. Bibi alitusalimu, akawasalimu watoto, akasema anamshukuru Mungu kusikia kiraka kimefika, kisha akauliza kwa upole, "Baba mmemweka wapi? Miguuni mtamkosea heshima."

Basi miguuni haikuwezekana tena. Wifi akajaribu ua. Alikata ua la manjano akalishonea juu ya jicho. Alinitumia picha, nami nikamwonyesha mume wangu.

"Amefanyiwa upasuaji," mume wangu akasema. "Mtoto wa jicho. Hospitali huwa wanawafunga hivi hivi."

Wifi naye akaliona vivyo hivyo, akalifumua ua. Lakini sindano ilikuwa imeacha vitundu kuzunguka jicho lote, vitundu vidogo vilivyokaa kama mikunjo ya uso, na sasa askofu alionekana anatabasamu. Alionekana anajua jambo fulani juu yako. Muda ulikuwa umekwisha. Wifi akakiweka upande wa ukutani, jirani na kiraka changu, akashona bitana, akakunja blanketi, akamkabidhi Mungu.

Siku ya sherehe tuliondoka Kasulu asubuhi. Nilikuta kwa wifi turubai limesimamishwa, viti vimevishwa vitambaa vyeupe, na wifi mwenyewe anazunguka na chaki nyuma ya sikio, sijui ya nini. Mama wa Nyarugusu hakuweza kuja. Kutoka kambini kunataka kibali, na kibali cha kwenda kwenye sherehe ya mtoto wa mwalimu ambaye hujawahi kumwona ni kigumu kukieleza dirishani. Nilimwahidi nitampigia kwa picha ili aone blanketi likifunguliwa.

Bibi wa Munanila alikuja. Hakuwa amemwambia mtu. Alishuka kwenye bodaboda akiwa amekaa upande upande, mwembamba, mwenye kilemba, na kikapu cha maharage mapya mkononi. Na alikuwa amevaa gauni la jubilei. Askofu alikuwa kifuani, askofu alikuwa mgongoni, na maaskofu wengine wadogo walizunguka pindo.

Wifi aliniminya mkono. "Wifi," akanong'ona, "amekuja naye mzima."

Tulimpokea, tukamkumbatia, tukamweka kiti cha nyuma karibu na masufuria, tukisema kuna upepo mzuri. Alifurahi sana. Aliomba aonyeshwe dada wa Kitanga ni wepi, na alipoonyeshwa wakaitika wote wawili kwa pamoja.

Wageni wa Kakonko waliingia kwa wimbo. Mambo yalikwenda vizuri. Binti alitolewa, akalia kidogo kama inavyotakiwa, keki ikakatwa, akalishwa mjomba. Kisha mshereheshaji, kijana wa mjini mwenye suti ya kung'aa, akatangaza zawadi ya mama mzazi na wenzake. Wanawake wanne wakalishika blanketi pembe nne na kulifungua.

Nikampigia mama wa Nyarugusu, nikainua simu juu. Watu wakapiga vigelegele, na kwa haki kabisa, maana lilikuwa blanketi zuri. Kijani kama migomba baada ya mvua, manjano kama mawese ya moto. Hata bwana harusi alijisogeza mbele.

Shangazi wa bwana harusi akasimama. Akatembea polepole kandokando ya blanketi mpaka kwenye kiraka cha jicho. Akainama. Akavua miwani.

"Mshereheshaji," akasema, na kipaza sauti kilikuwa karibu naye, "samahani. Huyu anayetutazama ni nani?"

Mshereheshaji akachungulia. "Huyu, mama, bila shaka ndiye mgeni rasmi," akasema.

Upande wetu tukacheka. Upande wa Kakonko hawakucheka, na sisi tulipogundua tukaacha, mmoja mmoja.

"Tulikaa vikao," shangazi akasema. Hakupaza sauti. "Tukakubaliana mambo ya kanisa yamekwisha. Sasa naona hayakuisha. Yamehamia kitandani."

Mzee mmoja wa kwetu akashika fimbo yake. Wifi alisimama. Nilikuwa bado nimeinua simu, nikiwa nimesahau kwamba nimeinua.

Aliyetembea mbele alikuwa bibi wa Munanila. Kule nyuma kwenye masufuria alikuwa amesikia kipande tu cha maneno, akaelewa kwamba mama wa Kakonko amekipenda kiraka na anauliza ni cha nani.

"Ni changu mimi, mwanangu," akasema akifuta mikono kwenye gauni. "Nimekishona mimi."

Shangazi akamtazama yeye, kisha gauni, kisha maaskofu wote waliokuwa juu ya gauni. Nadhani alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Nilikata hapa," bibi akaendelea, akageuka ubavu ili aonekane vizuri.

Hapo ndipo na mimi nilipoona. Ubavuni mwa gauni, chini kidogo ya kwapa, palikuwa na mraba wa kitambaa cha kijani kitupu, umetiwa kwa mkono, mishono ile ile iliyonyooka. Askofu wa upande huo alikuwa nusu. Kwa muda wote huo tulidhani bibi ana mabaki. Hakuwa na mabaki. Alikata gauni lake la sikukuu.

Shangazi aliupapasa ule mraba kwa vidole viwili. "Ulikata gauni zima?"

"Gauni bado linavalika."

"Hukuwa na kitambaa kingine?"

"Ego, kipo. Ila kimechakaa. Binti haendi kwa watu na kitambaa kilichochakaa. Mtasema kwao hawana kitu."

"Na huyu binti unamjua?"

Bibi alimtazama bibi harusi kwa makini, kama mtu anayetaka kujibu ukweli. "Leo ndiyo namwona. Mama yake ndiye namjua, yule wa kwenye simu. Nilipougua mgongo alinipigia kila siku kuniuliza kama nimekula."

Hilo sikulijua, wala wifi hakuwahi kulisema. Nilimgeukia nikamkuta amejifunika uso kwa kanga.

Shangazi akavaa miwani. Sote tulikuwa tukimjua kwa kuvua, hatukujua akiivaa inamaanisha nini.

"Likunjeni," akawaambia wanawake waliolishika. "Likunjeni vizuri, jicho likae juu. Mzee wa watu asikose hewa."

Safari hii walianza kucheka wa Kakonko, sisi tukafuata. Yule mzee wetu akaiachia fimbo. Mshereheshaji, aliyekuwa amerudi nyuma mpaka karibu na jenereta, akaja mbele tena akasema kwamba tangu mwanzo yeye alijua, na muziki ukawekwa. Baadaye nilimwona shangazi amehamia kiti cha nyuma karibu na masufuria, anakula maharage ya Munanila, na bibi anamweleza jambo kwa mikono miwili.

Nikaikumbuka simu. Mama wa Nyarugusu alikuwa bado hewani, picha imeganda. Nilimwomba radhi, maana mkono wangu ulikuwa umeelekea juu wakati wote.

"Uliona nini?" nikamuuliza.

"Niliona turubai tu, mama," akasema. "Lakini turubai miye nazijua. Ile ilikuwa ya feti, ya sherehe." Kisha akaniomba nimwelezee kiraka kimoja kimoja, na nikamwelezea, nikiwa nimesimama nyuma ya nyumba karibu na kisima, mpaka salio likaisha.

Binti ameolewa, anakaa Kakonko, na hupiga simu. Alitueleza kwamba mwanzoni mume wake alilala na blanketi likiwa limegeuzwa, bitana juu. Hakusema kitu, alikuwa analigeuza tu kila jioni kwa adabu. Baridi ya Julai ilipokuja, bitana ikawa inateleza na blanketi linadondoka. Akaligeuza tena mwenyewe. Sasa anasema ukimzoea ni mzee mpole.

Wifi ameandika kanuni mpya: kiraka kisiwe na kitu chenye macho. Dada wa Kitanga wakauliza kama kuku wa kwenye kitenge wanahesabika. Wifi akasema wanahesabika. Bibi wa Munanila akasema kwa unyenyekevu kwamba samaki, akikatwa vizuri, anaweza kubaki bila jicho. Mjadala huo haujaisha.

Na shangazi ameingia kundini. Aliomba mwenyewe, wala hakuomba mara mbili, maana wifi alimwingiza akiwa bado anaongea. Hatumi maua asubuhi. Anatuma aya, pamoja na maelezo, na bibi humjibu kwa sauti, na wanaweza kufika saa nne wakijibizana juu ya Ayubu wakati sisi wengine tunauza na kufundisha na kulima.

Mwezi huu zamu ni yake. Ameomba viraka vyeupe, vyeupe tupu, bila rangi nyingine hata ya uzi. Anasema ni kwa chumba cha wageni. Sijui kama mtu wa Kakonko hajui vumbi letu lilivyo, au kwao udongo una rangi nyingine. Hapa Kasulu, kuanzia Juni, kitu cheupe kinabaki cheupe mpaka lori la kwanza lipite. Cha kwanza nilichoshona kikawa chekundu kikiwa bado chini ya sindano. Mume wangu ametandika gazeti kwenye kiti cha gari kwa ajili ya kile cha Nyarugusu, na amewakataza abiria kukigusa. Dada wa Kitanga wanasema wao wanashonea ndani ya chandarua.

Mimi nimefunga mlango wa kibanda, nimenawa mpaka kwenye viwiko, na nimetandika shuka safi mezani. Nje kuna mteja anagonga. Namsikia anamuuliza fundi kama nimefiwa.

"Hapana," fundi anamjibu. "Anashona cheupe."